Mhuri uko kwa nani? Rais wa klabu aliyedumu na siku ya kung'atuka

Timu ya mtaani kwetu ilikuwa na mwenyekiti mmoja tangu nikiwa darasa la tatu mpaka nilipomaliza chuo. Jezi zilikaa chini ya kitanda chake. Mipira ilikaa nyuma ya mlango wa sebule. Mhuri wa timu ulikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, umeviringishwa kwa leso. Mwaka mmoja akapatwa na msiba kwao, akasafiri na koti lake, na wiki hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kurudisha fomu za ligi ya wilaya. Fomu tulijaza, picha za wachezaji tukabandika kwa gundi, ada tukachangishana mpaka ikatimia. Pale pa kugonga mhuri pakabaki peupe. Msimu ule tulicheza ndondo tu.

Aliporudi, kijana mmoja akasimama kikaoni akauliza kwa adabu zote, "Mzee, kwa nini mhuri usikae kwa katibu?" Mzee hakufoka. Alimtazama kama baba aliyetukanwa na mwanawe, akajibu, "Kwani nimewaibia nini?"

Hakuwa amemwibia mtu. Ile mipira yenyewe alinunua kwa fedha yake. Ugumu wa swali la lini kiongozi aliyekaa miaka mingi aondoke uko hapo, maana sisi tumezoea kulijadili kama kesi ya wizi. Anayemtetea anataja alichojenga, anayempinga anatafuta alichokula. Wanaweza kubishana mpaka kahawa iishe, kila mmoja na ushahidi wake, na mhuri ukabaki palepale mfukoni.

Kwa soka la dunia sijui mfano unaolionyesha jambo hili wazi kuliko wa FC Porto ya Ureno na Jorge Nuno Pinto da Costa, mtu aliyekaa kwenye kiti cha urais miaka 42. Nitakaa naye sana katika makala hii, kwa sababu yake hayakuwa mambo ya mtu mbovu aliyeng'ang'ania. Yangekuwa hayo yangekuwa rahisi.

Aliingia kama mpinzani

Pinto da Costa alizaliwa Desemba 1937 mjini Porto, akachukua kadi ya uanachama akiwa kijana wa miaka 16. Hakuanzia juu. Alipita kwenye idara ndogondogo za klabu, ikiwemo ile ya mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya magurudumu, mchezo ambao Wareno wanaupenda kwelikweli. Mwaka 1976 akapewa idara ya soka. Porto wakati huo ilikuwa haijaonja ubingwa wa ligi tangu 1959. Yeye na kocha José Maria Pedroto wakauvunja ukame huo 1978, baada ya miaka 19, wakarudia 1979.

Kisha kukawa na ugomvi. Kiangazi cha 1980 walikorofishana na rais wa klabu, Américo de Sá. Pinto da Costa akatoka, Pedroto akatoka, na kundi la wachezaji likagoma kufanya mazoezi kwa kuwaunga mkono. Aprili 1982 akarudi kwa kura za wanachama, akiwa na miaka 44.

Kipande hiki watu hukiruka wanaposimulia habari zake, nami naona ndicho cha kukumbuka kuliko vyote. Mzee aliyekuja kuonekana hawezi kuondoka aliingia kama kijana aliyemwambia mkubwa wake kwamba muda umekwisha.

Yaliyofuata yanajulikana. Mei 1987 mjini Vienna, Bayern Munich wakiongoza 1-0, Mualjeria Rabah Madjer akasawazisha kwa kisigino, dakika chache baadaye Juary akafunga la pili, na Porto ikawa bingwa wa Ulaya. Kati ya 1995 na 1999 ikachukua ligi mara tano mfululizo. Mwaka 2003 ikachukua Kombe la UEFA na 2004 Ligi ya Mabingwa, zote chini ya José Mourinho, na katikati ya mafanikio hayo, Novemba 2003, ikafungua uwanja mpya wa Dragão. Mwaka 2011 ikachukua Ligi ya Europa chini ya kocha wa miaka 33 aitwaye André Villas-Boas. Mshike jina hilo. Tangu klabu ianzishwe 1893 hadi Pinto da Costa anaingia, Porto ilikuwa na ubingwa wa ligi mara saba. Anaondoka ilikuwa na 30.

Halafu kuna jambo ambalo takwimu hazilionyeshi. Porto ni mji wa kaskazini, mji wa kazi, na kaskazini ya Ureno imelalamika siku zote kwamba kila kitu kinapelekwa Lisbon: fedha, barabara, waamuzi. Pinto da Costa aliyachukua manung'uniko hayo akayavisha jezi ya buluu na nyeupe. Kila ushindi dhidi ya Benfica au Sporting, klabu za Lisbon, ukawa ushindi wa mkoa mzima. Mtu wa namna hiyo humwulizi muhula wake unaisha lini, kama ambavyo humwulizi babu yako ataihama lini nyumba aliyoijenga.

Vikombe huchelewa kuleta habari

Utetezi wa kwanza wa rais yeyote aliyekaa ni matokeo. "Timu inashinda, mnataka nini?" Hoja hii ina nguvu kwa sababu ni ya kweli siku inaposemwa. Shida ni kwamba kikombe ni habari ya zamani. Kikombe cha mwaka huu kinatokana na usajili wa miaka mitatu nyuma, na ule usajili ulilipiwa kwa fedha za mauzo ya miaka mitano nyuma. Klabu inaweza kuoza kwenye mzizi na bado ikatoa maembe misimu miwili.

Porto ilifanya hivyo hasa. Biashara yake iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa kununua vijana kwa bei nafuu, wengi wao wa Amerika Kusini, na kuwauza kwa bei ya kuruka: Falcao 2011, Hulk 2012, James Rodríguez na João Moutinho pamoja 2013. Lakini klabu inayoishi kwa kuuza wachezaji inaishi kama mkulima wa msimu mmoja; mvua ikikosa, anakopa. Baada ya ubingwa wa 2013 ilikaa misimu minne bila kuchukua ligi, Benfica ikibeba yote minne. Mwaka 2017 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaiweka chini ya makubaliano ya uangalizi wa matumizi. Agosti 2019 ikatolewa na Krasnodar ya Urusi kwenye hatua ya mchujo na kukosa fedha za Ligi ya Mabingwa, kisha janga la korona likafunga viwanja. Hesabu za kampuni ya klabu za mwaka ulioishia Juni 2020 zilionyesha hasara ya takribani euro milioni 116.

Na msimu huohuo Porto ilichukua ligi na Kombe la Ureno pamoja.

Kaa kidogo na picha hiyo. Kabati linaongezewa vikombe viwili, daftari linavuja milioni 116, na mwanachama wa kawaida anatazama kabati, kwa sababu kabati lina taa na daftari lina kurasa mia mbili za maandishi madogo. Mwaka 2022 wakachukua tena vikombe vyote viwili. Sérgio Conceição, kocha aliyekuwa akitoa maji kwenye jiwe, ndiye aliyefunika mengi. Kocha mzuri anaweza kumwongezea rais miaka mitano ambayo hakuistahili. (Kwa wale wa Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga: najua mmeshaanza kutaja majina. Tuendelee.)

Kwa hiyo kama vikombe haviaminiki kama kipimo, je, umri? Napenda kuikataa hoja hii mapema. Pinto da Costa akiwa na miaka 66 alichukua Ligi ya Mabingwa. Akiwa na 73 akachukua Ligi ya Europa. Wapo marais wa miaka 45 ambao wamemaliza klabu ndani ya muhula mmoja. Kikomo cha umri ni kifaa cha wavivu, na pia ni rahisi kukiondoa: Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilikuwa na kikomo cha miaka 70 kwa viongozi wake, na mwaka 2015, rais wake Issa Hayatou alipokikaribia, mkutano mkuu ukakifuta. Mlinzi aliyeajiriwa na mwizi hafungi geti.

Namna mtu anavyogeuka kuwa katiba

Ni vyema kueleza kiufundi, kwa sababu wengi hudhani rais wa klabu ya wanachama anadumu kwa kupendwa tu. Kupendwa ni mwanzo. Kinachomweka ni mambo madogo ya ofisini.

Porto, kama klabu kubwa nyingi za Ureno, ina vyumba viwili. Kuna klabu yenyewe, mali ya wanachama wanaolipa ada na kupiga kura kila baada ya miaka minne. Halafu kuna kampuni ya michezo, ambayo ndiyo inayoajiri kocha, kununua na kuuza wachezaji, kukopa, na ambayo hisa zake ziko sokoni. Klabu ina sauti kubwa ndani ya kampuni, na Pinto da Costa alikuwa mwenyekiti wa kote kuwili. Mwanachama anapiga kura chumba cha kwanza. Fedha zinapita chumba cha pili. Kati ya vyumba hivyo kuna mlango, na funguo anazo mtu mmoja.

Ongeza hapo anayepanga tarehe ya mkutano mkuu. Anayeshika daftari la wanachama. Anayegawa tiketi za ugenini kwa vikundi vya ushangiliaji. Anayeajiri mhariri wa gazeti na televisheni ya klabu. Miaka kumi ya kwanza mambo haya ni utawala wa kawaida. Miaka thelathini baadaye kila anayelipwa na klabu ameajiriwa na mtu mmoja, na kumpinga huyo mtu kunakuwa sawa na kuipinga klabu. Hapo ndipo chawa wanapozaliana. Hawahitaji kuagizwa, wanajua wenyewe nani wa kumzomea.

Njia nyingine ya kujifungia ni safi zaidi, yaani ya kisheria. Real Madrid ni klabu ya wanachama, na rais wake Florentino Pérez alisimamia mabadiliko ya katiba mwaka 2012: anayetaka kugombea awe Mhispania, awe mwanachama kwa miaka 20, na aweke dhamana ya benki yenye thamani ya asilimia 15 ya bajeti ya klabu, ikiungwa na mali yake binafsi. Kwa klabu ya ukubwa ule, piga hesabu ni matajiri wangapi wa Hispania wanaofika hapo. Tangu arudi 2009 hadi uchaguzi wa Januari 2025 kila mara alipita bila mpinzani. Mabao, vikombe na uwanja uliokarabatiwa vinamtetea, na mimi sisemi ameharibu. Nasema tu kwamba mechi isiyo na timu pinzani haina matokeo.

Cha ajabu ni kwamba Pérez huyohuyo alishawahi kung'atuka. Februari 2006, katikati ya muhula, aliondoka akikiri hadharani kwamba amewadekeza wachezaji vibaya. Ni nadra sana kumsikia rais wa klabu akitamka sentensi ya namna hiyo. Alipoondoka klabu haikufa, ilichukua ligi mbili, na yeye akarudi akiwa amejifunza. Huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kuondoka hakumuui mtu, na yeye mwenyewe anaonekana amekwisha kuusahau.

Novemba 2023

Turudi Porto. Mwaka 2016 Pinto da Costa alikuwa mgombea pekee, na bado wapo wanachama waliopanga foleni, wakachukua karatasi, wakaiharibu na kuitumbukiza. Mtu anayekwenda kupiga kura akijua hana wa kumchagua, akaharibu karatasi kwa makusudi, amekuandikia barua. Mwaka huohuo Antero Henrique, mkurugenzi wa miaka mingi ambaye wengi walimwona kama mrithi, aliondoka. Mwaka 2020 wapinzani wakajitokeza, na Pinto da Costa akashinda kwa karibu asilimia 69. Kwingine huo ni ushindi wa kishindo. Kwa mtu aliyezoea kupita peke yake, ilikuwa kengele.

Kengele ya mwisho ililia usiku wa tarehe 13 Novemba 2023. Klabu iliitisha mkutano mkuu kujadili mabadiliko ya katiba, miezi michache kabla ya uchaguzi ambao Villas-Boas alitarajiwa kugombea. Ukumbi uliopangwa ukawa mdogo, umati ukahamishiwa kwenye uwanja wa ndani ulio jirani na Dragão, ule wanaochezea mpira wa kikapu na wa mikono. Mle ndani wanachama waliotoa maoni tofauti wakatishwa, wengine wakapigwa, na mkutano ukaahirishwa. Wanachama kwa wanachama, kadi za rangi moja mfukoni. Januari 2024 polisi wakawakamata watu kadhaa kuhusiana na vurugu zile, akiwemo kiongozi wa kikundi kikubwa cha ushangiliaji, na baadaye mahakama ikawatia baadhi yao hatiani.

Sisemi rais aliagiza. Sina ushahidi huo wala siuhitaji. Mkutano mkuu wa klabu ni mahali ambapo mtu mwenye kadi anasimama na kusema "sikubaliani" kisha anarudi kwake akiwa na meno yote. Ikifika siku hawezi, muda wa aliye kitini umekwisha, hata kama yeye mwenyewe alikuwa amekaa kimya meza kuu.

Tarehe 27 Aprili 2024 wanachama zaidi ya 26,000 walikwenda Dragão kupiga kura, idadi ambayo klabu haikuwahi kuiona. Siku chache kabla, rais alikuwa amempa Conceição mkataba mpya hadi 2028, karata ya mwisho ya mchezaji wa zamani. Haikusaidia. Villas-Boas alipata takribani asilimia 80 ya kura. Pinto da Costa hakufika asilimia 20. Mwezi wa sita kocha naye akaondoka.

Mtazame mshindi. Villas-Boas ni mtoto wa Porto, aliyeingia kwenye soka kwa kumwandikia barua kocha Bobby Robson waliyekuwa wakiishi jengo moja. Aliyempa timu ya Porto aifundishe akiwa na miaka 32 ni Pinto da Costa. Aliyempa jina ni Pinto da Costa. Mrithi hakutoka Lisbon, hakutoka kwa adui, hakuletwa na mwekezaji kutoka ng'ambo. Alitoka jikoni kwa mzee mwenyewe, na njia pekee aliyoachiwa ya kuingia sebuleni ilikuwa kuvunja mlango.

Rika lililo nyuma

Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi za soka zinalikosa. Kujiuzulu ni kuacha kazi, mara nyingi ukiwa umebanwa. Kung'olewa kunajieleza. Lakini kung'atuka, neno ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa kwao Uzanaki na kulifanya la taifa alipoacha urais mwaka 1985, lina watu wawili ndani yake: wazee wanaoachia kwa hiari, na rika linalofuata ambalo liko tayari kupokea. Hung'atuki hewani. Kama nyuma yako hakuna rika, hiyo ni kutoroka. Na kama rika lipo na wewe umekaa, basi hujakataa kuondoka tu. Umewazuia wengine kuwa watu wazima.

(Mwalimu mwenyewe alibaki na uenyekiti wa chama mpaka 1990, na wapo wanaosema ndiyo ilikuwa busara na wapo wanaosema ilikuwa mguu mmoja mlangoni. Hata neno zuri halimalizi ubishi.)

Nikilichukua neno hilo kama kipimo, mambo mengi yanakaa sawa. Siulizi tena rais ana miaka mingapi wala ameleta vikombe vingapi. Nauliza: kesho asubuhi asipoamka, nani anajua namba ya akaunti, nani anajua deni liko benki gani, nani anaweza kugonga mhuri? Kama wapo watatu na wote wanaheshimika, mzee anaweza kukaa kidogo, hakuna haraka. Kama hakuna hata mmoja, aondoke upesi. Najua hii inasikika kinyume. Watetezi husema hivi: "Akiondoka nani ataongoza? Hakuna mwingine." Wanadhani wanamsifu. Kumbe wametoa mashtaka mazito kuliko yote, kwamba miaka 20, 30, 40 imepita na hajalea mtu.

Ukomo wa mihula husaidia hapa, ila si dawa. FIFA, baada ya João Havelange kukaa 1974 hadi 1998 na Sepp Blatter kutoka hapo hadi 2015, ilijiwekea kikomo cha miaka 12. Barcelona nayo ina kikomo cha mihula, na bado chini ya Josep Maria Bartomeu ilijichimbia shimo la madeni ndani ya miaka michache tu. Kilichoiokoa hakikuwa kalenda. Katiba yake inaruhusu wanachama kukusanya saini na kulazimisha kura ya kutokuwa na imani. Mwaka 2020 zikakusanywa zaidi ya 20,000, katikati ya korona, na Bartomeu akajiuzulu kabla kura haijapigwa. Kikomo cha muhula humwondoa mzuri na mbaya kwa siku ileile. Saini humwondoa anayestahili, siku anayostahili. Ningelazimishwa kuchagua kimoja kwa klabu yangu, ningechagua saini.

Klabu zenye mwenyewe ni habari nyingine. Moïse Katumbi ameishika TP Mazembe ya Lubumbashi tangu 1997, ameifikisha fainali ya Kombe la Dunia la Klabu 2010, na hapo swali la kupiga kura halipo. Swali ni urithi, kama la duka. Lyon ya Ufaransa ilionja: Jean-Michel Aulas aliichukua 1987 ikiwa daraja la pili, akaifanya bingwa mara saba mfululizo, akauza kwa Mmarekani John Textor mwishoni mwa 2022, na miezi michache baadaye akawa nje. Mwaka 2025 mamlaka ya fedha ya soka la Ufaransa ikatangaza kuishusha daraja, ikaponea rufaani. Wengi walimlilia Aulas. Mimi najiuliza kwa nini mtu aliyekaa miaka 36 alikabidhi kwa mnunuzi badala ya kwa mtu aliyemlea.

Na hapa kwetu, mfumo wa asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji unaozungumzwa Simba umehamisha mzigo huu bila kuuondoa. Zamani tulimwuliza mwenyekiti anaondoka lini. Sasa tutamwuliza nani?

Basi lini?

Pinto da Costa angeondoka lini? Nitajitupa. Kwangu ni Mei 2013. Porto ilikuwa imechukua ligi ya tatu mfululizo, na ile ya mwisho ilipatikana kwa namna ya sinema: dhidi ya Benfica kwenye Dragão, dakika za nyongeza, mtoto wa Kibrazili aitwaye Kelvin akaingia kutoka benchi na kufunga bao lililomfanya kocha wa Benfica apige magoti uwanjani. Rais alikuwa na miaka 75. Antero Henrique alikuwa ndani ya ofisi. Villas-Boas alikuwa nje lakini hai, na hakuwa adui wa mtu. Rika lilikuwepo.

Angeondoka siku ile, uwanja ungeitwa jina lake kabla hajafika nyumbani. Lakini nani huondoka siku ile? Siku ya ushindi hakuna anayekuambia ondoka, na siku ya kushindwa unaona aibu kuondoka kabla hujarekebisha. Kati ya siku hizo mbili ndipo miaka inapoishia. Rais mzee husubiri msimu mzuri ili aage vizuri. Msimu mzuri ukija, husubiri mwingine.

Nafasi ya pili ilikuwa 2020, kwenye zile kura asilimia 69. Angetangaza usiku ule kwamba huu ni muhula wa mwisho, akataja watu watatu, akawaachia daftari wazi waanze kupekua. Badala yake, kama alivyokuja kusema mwenyewe, mwaka 2021 akagundulika na saratani, akaendelea na kazi huku wanachama wakiwa hawajui, na 2024 akagombea akiwa na miaka 86. Naona uchungu kuliko hasira. Mtu aliyejua mwili wake umefika mwisho aliomba miaka minne mingine ya kitu pekee alichokijua.

Villas-Boas alipoingia ofisini Mei 2024 alisema alikuta kwenye akaunti ya klabu euro 8,000. Kwa klabu iliyowahi kumuuza mchezaji mmoja kwa euro milioni 40. Upande wa zamani haukukubaliana naye kuhusu hali ya fedha, na mabishano yale yaliendelea mpaka Pinto da Costa alipofariki Februari 2025, akiwa na miaka 87. Maelfu walitoka barabarani kumuaga, wakiwemo, bila shaka, wengi wa wale asilimia 80.

Villas-Boas alichaguliwa akiwa na miaka 46, miwili zaidi ya ile aliyokuwa nayo mtangulizi wake Aprili 1982. Msimu wake wa kwanza timu ilimaliza ya tatu. Muhula wake unaisha 2028. Akiamua naye kukaa miaka 42, ataondoka 2066, akiwa na 88.